Ndoo ya Ndama wa Nadhiri

Bega langu la kulia limestaafu kabla yangu. Mimi bado sijafika umri wa kuitwa bibi, lakini bega limekataa kazi: nikiinua mkono juu ya kifua linalia kama mlango wa ghala. Ndiyo sababu nimekabidhi mtungi wa mbegu za fahali, glovu ndefu na pikipiki, na ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhimilisha ng'ombe, kuwapa mimba kwa mrija bila fahali, hapa Mafia mmevipokea. Mmeniomba maneno machache. Nitayasema kama yanavyonijia, bila mpangilio wa miaka. Na msiniamini kwa sababu tu nimewatangulia. Papaseni wenyewe, halafu ndiyo mniamini.

Neno la kwanza halina elimu ya chuo ndani yake. Ukiwa nyuma ya ng'ombe na mkono wako umo ndani, funga mdomo. Akikohoa, samadi inaruka, na hutapata muda wa kuamua.

Aliyenishika mkono kazini ni Mzee Shaibu, ambaye alikuwa akihudumia ng'ombe wa kisiwa hiki tangu mimi sijazaliwa. Nilimfikia nikiwa na shahada yangu ndani ya bahasha, naye hakuifungua. Alinituma machinjioni Kilindoni nikaombe vizazi, ile mifuko ya mimba, vya ng'ombe waliochinjwa asubuhi ile. Akavitia ndani ya gunia, akalifunga mdomo, akaacha nafasi ya kupita mkono tu.

"Ingiza. Usichungulie. Umeshika nini?"

"Nyama, Mzee."

"Nyama hata paka anaijua. Nimekuuliza umeshika nini."

Tulifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, hadi wauza nyama wakaniita Dokta Gunia. Lakini vidole vyangu vilijifunza. Ovari ya ng'ombe si kitu kikubwa. Inafanana na kungu ndogo, lile tunda la mkungu, na kazi yote ya uzazi inaanzia humo. Juu yake utagusa kitu laini, kilichotuna, kinachobonyea kama lengelenge lenye maji. Hicho ni kifuko cha yai. Ukigusa kitu kigumu zaidi, kama kipande cha ini chenye kichwa kinachochomoza, huo ni mwili wa njano. Huo huota mahali ambapo kifuko kilipasuka na kuachia yai, na kazi yake ni kutoa homoni inayoulinda ujauzito. Maadamu upo na una nguvu, ng'ombe haji kwenye joto la kutaka kupandwa, hata umletee fahali wa dunia nzima.

Kitabuni yote hayo yana rangi. Ndani ya ng'ombe ni giza, joto, na samadi. Ndiyo maana gunia lile nalithamini kuliko mihadhara mingi niliyoikalia huko bara.

Lakini Mzee Shaibu naye alikuwa na ugonjwa wake: sindano. Ng'ombe asipoonyesha joto, anachoma ile homoni ya kuvunja mwili wa njano. Wengine walikuja kwenye joto baada ya siku chache, wengine hawakuja kabisa. Nilimuuliza kwa nini.

"Wengine wakaidi," alijibu.

"Mkaidi ni yupi, Mzee? Tunamjuaje kabla ya kumchoma?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ukizikwa utawauliza malaika maswali kabla hawajakuuliza wao."

Sikunyamaza. Nilimwomba tupapase kila ng'ombe kabla ya kumchoma, na tusichome yule asiye na mwili wa njano. Ukifikiri, jambo lenyewe ni dogo: huwezi kuvunja kisichokuwepo. Ng'ombe ambaye ovari yake ina vifuko tu, sindano ile ni maji. Alikubali ili niliache sikio lake lipumzike. Msimu ulipokwisha, alikuwa akiwaambia wafugaji kule Baleni, kwa sauti ya mtu aliyeligundua mwenyewe, "Hatuchomi kabla ya kupapasa. Huo ndio utaratibu wetu." Nilitabasamu. Utaratibu wetu, naam. Bado najivunia neno lile "wetu."

Sasa niwaeleze habari ya Bi Mwanaidi wa Kirongwe, maana humo yamo mengi mtakayokutana nayo.

Bi Mwanaidi ni mwanamke wa ukoo wenye asili ya Kiomani kwa upande wa baba, mwenye shamba la minazi na ng'ombe wachache wanaolishwa chini yake. Mmoja wao, chotara mwekundu aitwaye Marashi, alikuwa wa uzao wa ng'ombe wa mama yake. Bibi aliweza kukutajia mama wa Marashi, na mama wa mama yake, kama mtu anavyotaja nasaba yake mwenyewe. Marashi alikuwa wa mwisho. Alikuwa na ndama mmoja tu, dume, mkubwa tayari, na tangu azae hakuonyesha joto tena. Nassor, mtoto wa Bibi, alishaamua: maulidi ya nyumbani kwao yakipita, Marashi atauzwa kwa Kombo, mnunuzi wa ng'ombe wa nyama. Kombo naye alishaahidiwa. Uzao wa mama yake Bi Mwanaidi ungeishia buchani.

Nilifika kwa mwito wa Bibi, si wa Nassor.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe daktari unayetia mkono?"

"Ndiye mimi."

"Umeolewa?"

"Bado."

"Sishangai," akasema, akanionyesha njia ya zizini.

Nassor alikuwa pale, mikono kifuani. "Dokta, usijisumbue. Huyo amekuwa tasa. Mwulize yeyote hapa."

"Nitamwuliza yeye mwenyewe," nikasema, nikavaa glovu.

Nilichokigusa sikukitarajia. Ng'ombe tasa kweli ovari zake huwa ndogo, bapa na kimya. Za Marashi zilikuwa na uhai. Upande wa kulia palikuwa na kifuko kilichotuna vizuri, na mwili wa njano haukuwepo popote. Nikaomba nirudi wiki inayofuata. Niliporudi, kifuko cha kulia kilikuwa kimenywea, na kushoto kilikuwa kimeinuka kingine. Niliporudi tena, nacho kilikuwa kinafifia. Ovari ilikuwa inafanya kazi bila kuchoka, lakini hailifikishi yai mwisho.

Nilimweleza Bi Mwanaidi kwa minazi, kwa kuwa minazi ilikuwa juu ya vichwa vyetu. "Bibi, karara la mnazi likifunguka linatoa vidaka vingi. Vyote vinakuwa madafu?"

"Aa. Vingi vinapukutika."

"Na kwa ng'ombe ni hivyo hivyo. Ovari inatoa vifuko vingi kwa mkupuo. Kimoja kinawapita wenzake, kinakua, kinawazuia wengine wasikue. Kikishakomaa kinangoja amri kutoka kichwani mwa ng'ombe, homoni inayokiambia sasa pasuka. Amri isipokuja, kinanywea, na mkupuo mwingine unaanza."

"Kwa hiyo vidaka vyake vinapukutika vyote."

"Vyote."

"Kwa sababu gani?"

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika kazi hii, na alikuwa ameliuliza mtu mwingine badala yangu. Kabla sijajibu, yule ndama dume, mwenye pembe zinazoanza kuchomoza, alipita katikati yetu, akampiga mama yake kichwa kwenye kiwele na kuanza kunyonya. Ilibidi apige magoti ya mbele, kwa ukubwa wake.

"Huyo bado ananyonya?" nikauliza.

Tatu, mke wa Nassor, aliyekuwa amembeba mtoto wake mgongoni, alitazama chini.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mimba ya Tatu ilikuwa ya taabu, na ilifika siku wakakata tamaa. Siku ile Bi Mwanaidi aliweka nadhiri: Tatu akijifungua salama, ndama aliyemo tumboni mwa Marashi atachinjwa kwenye maulidi ya nyumba, na tangu azaliwe hadi siku hiyo maziwa yote ya mama yake yatakuwa yake, hakuna mwanadamu atakayeyaonja. Tatu akajifungua salama. Marashi akazaa dume. Tangu siku hiyo hakukamuliwa, na ndama alishinda chini ya mama yake mchana kutwa. Hata chai ya nyumba ile ilikuwa ya rangi, maana hakukuwa na ng'ombe mwingine mwenye maziwa.

Mngefanya nini? Najua wenzangu kadhaa ambao wangecheka. Mimi sina wepesi wa kuamini mambo, na mtu akiniambia nadhiri imezuia kifo nitamwuliza amejuaje. Lakini nadhiri ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya uhai wa mtu aliyesimama mbele yangu na mtoto mgongoni. Hapo si mahali pa kuchezea.

Tatizo nililiona wazi. Ndama anaponyonya mara kwa mara, na mama akimwona, akimnusa, akimlamba, ubongo wa mama unaibana ile amri ya kupasua kifuko. Mwili unajiambia: bado nina mtoto, sina haraka ya mwingine. Nikasema lazima ndama atengwe.

"Haiwezekani," Bi Mwanaidi akasema. "Maziwa ni yake. Nimeshamwambia Mungu."

"Basi mambo yamekwisha," Nassor akasema. "Kombo aje."

Nilirudi Kilindoni nimekasirika, nikamsimulia Mzee Shaibu. Akasema, "Mchome." Nikamwambia hana mwili wa njano, tutavunja nini? Akacheka, akasema alikuwa ananipima tu. Sijui kama ni kweli.

Jibu lilinijia nikiwa nakunywa chai. Nilijiuliza: ni kitu gani hasa kinachoibana amri? Ni maziwa kutoka, au ni ndama kuwepo? Nilikumbuka tuliyofundishwa: ng'ombe anayekamuliwa kwa mkono mbali na ndama wake haibani amri hiyo kama anayenyonywa na mtoto wake mwenyewe. Kumbe kinachozuia si maziwa. Ni mtoto kuwa chini ya mama.

Nikawasha pikipiki.

"Bibi," nikamwambia, "nadhiri yako ibaki kama ilivyo. Maziwa yote yawe ya ndama. Tutakachokibadilisha ni njia tu. Marashi atakamuliwa hapa, ndama atakaa shamba la jirani asikosikika wala kunuswa, atapelekewa maziwa yake kwenye ndoo. Hakuna mtu atakayeonja."

Akauliza, "Na povu?"

"Povu?"

"Povu nalo ni maziwa. Litabaki kwenye ndoo ya kukamulia."

"Tutasuuza ndoo kwa maji, maji hayo tumpe ndama."

"Na chujio?"

"Na chujio, Bibi."

Akamgeukia Tatu. "Umesikia? Na vidole usirambe."

Siku zilizofuata sizisahau. Ng'ombe wetu wengi wa kienyeji hawaachii maziwa bila ndama kuanza. Marashi, kwa kuwa ni chotara, nilitumaini angeachia, lakini siku ya kwanza alishikilia hadi tone la mwisho. Wapo wanaochoma homoni ya kuachia maziwa hapo. Msifanye mazoea, ng'ombe akizoea sindano ataidai kila siku. Tatu alimletea machicha ya nazi kwenye beseni, akakikanda kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, huku akimwimbia wimbo anaombembelezea mtoto. Siku ya pili akaachia kidogo, siku ya tatu akaachia ndoo.

Kule kwa jirani vita ilikuwa ya ndama. Ndama mdogo unamfundisha ndoo kwa kumpa kidole anyonye, kisha unakishusha kidole taratibu hadi ndani ya maziwa. Huyu hakuwa mdogo. Aliipiga ndoo kichwa, maziwa yakanimwagikia gauni zima, na Bi Mwanaidi, aliyekuja kusimamia, akapiga kelele, "Usijipanguse na mdomo!" Nilisimama pale nimelowa maziwa ya nadhiri, mdomo nimeubana. Ikabidi ndama anilambe. Alinilamba kwa bidii, ulimi kama msasa, na Tatu alicheka hadi akakaa chini. Dawa ilikuwa kuifunga ndoo kwenye mti, kwa urefu wa kiwele cha mama yake, maana ndama mkubwa amezoea kuyapata maziwa usawa huo, si ardhini. Kumbukeni hilo. Halimo kitabuni.

Marashi alilia siku mbili hadi sauti ikamkauka. Bi Mwanaidi alifunga madirisha asisikie. Nassor alisema kama haya ndiyo matibabu, heri bucha. Nami nilikuwa na hofu ambayo sikuionyesha, kwa sababu maulidi yalikuwa yanakaribia, na ningekosea, ningekuwa nimemtesa mama na mwana bure kabla ya kuchinjwa wote wawili.

Wiki ikapita, hakuna joto lililoonekana. Nassor akasema, "Si nilisema?" Nikavaa glovu. Kushoto palikuwa na kitu kipya, bado kichanga, laini kidogo, lakini vidole vyangu vilikijua kutoka kwenye gunia. Mwili wa njano! Amri ilikuwa imefika, kifuko kimepasuka, na hakuna aliyeona. Ndivyo ilivyo: baada ya ukimya mrefu joto la kwanza huja bila dalili, na mwili wa njano wa kwanza hauishi sana. Anayekaa akingoja wiki tatu kama kawaida atakuta joto la pili limeshampita.

Na hapa ndipo Wamafia tunapojidanganya wenyewe. Tunamfunga ng'ombe kamba kwenye mnazi, peke yake, kutwa nzima, kisha tunasema haji kwenye joto. Ng'ombe mwenye joto hutulia apandwe na wenzake. Atamsimamia nani apandwe, mnazi? Nilimwambia Nassor amfungulie asubuhi na alasiri, achanganyike na mitamba ya jirani mwingine, yale majike ambayo hayajazaa, na amtazame bila kuondoka.

Haukupita muda mrefu, simu ya Nassor ikalia asubuhi.

"Dokta! Huyu ng'ombe wako ameharibika tabia. Mitamba inampanda naye ametulia tu!"

"Ametulia kabisa? Hakimbii?"

"Ametulia kama abiria. Na ute unamtoka kama wa yai."

"Mfunge kivulini. Nakuja alasiri."

Kwa nini alasiri? Kwa sababu yai haliachiwi wakati joto linapoanza, bali baada yake. Aliyeonekana asubuhi apate mbegu jioni; wa jioni, apate asubuhi. Nilifika na mtungi, nikayeyusha mrija wa mbegu iliyogandishwa kwenye maji ya uvuguvugu, nikaupitisha kwenye shingo ya kizazi taratibu. Kisha tukangoja. Wakati wake wa kurudia joto ulifika, ukapita, na Marashi akaendelea kula majani.

Ndama hakurudishwa kwa mama. Aliendelea na ndoo yake hadi maulidi, akanenepa, na siku ile alichinjwa na watu wa Kirongwe wakala pilau. Hakuna aliyeonja maziwa. Bi Mwanaidi alihakikisha.

Siku ya pili Kombo akafika na gari na kamba. Nassor alikuwa hajafuta ahadi yake. Alisema ng'ombe kutorudi kwenye joto si ushahidi wa kitu. Hapo nilimheshimu, kwa kuwa ni kweli. Nilivaa glovu mbele yao wote. Kizazi kilikuwa kimeanza kushuka, pembe yake moja, tawi lake la upande mmoja, nene kuliko nyingine, imejaa maji kama puto. Nikaiminya taratibu sana kati ya vidole, hadi nikahisi ule utando mwembamba wa ndani ukiteleza na kunitoka, kama uzi. Ukiuhisi mara moja hutajiuliza tena maishani kama una hakika.

"Ana mimba," nikasema.

"Na ukikosea?" Kombo akauliza.

"Nikikosea, uje na kamba mbili. Ya pili ya kwangu."

Nataka mjue kwamba hata hivyo najiuliza. Mvua zilikuwa zimenyesha, majani yalikuwa mengi, Marashi alikuwa ameongezeka mwili. Huenda angepata joto mwenyewe, bila ndoo. Ng'ombe mmoja hathibitishi kitu. Bi Mwanaidi ana maelezo yake, na hayana ovari ndani yake. Ndiyo maana nilirudia kwa ng'ombe wengine, kule Kanga na Baleni, wasio na nadhiri, na nimeona nilichokiona. Ninyi nanyi rudieni, mnisahihishe. Lakini msinitake nisijivune. Siku ile, mkono umelowa hadi begani, nilijua ndani ya ng'ombe yule kulikuwa na nini, kwa nini kilikuwepo, na kwa nini kabla yake hakikuwepo. Wachache hupata kujua jambo moja kwa ukamilifu hivyo.

Nassor aliitazama kamba, akamtazama mama yake. "Kombo ametoka mbali na gari lake, mama. Tutamwambia nini?"

Bi Mwanaidi alikwisha kumfungulia Marashi na kumpiga kofi la mgongo aende zake.

"Mwambie apakie nazi," akasema.